Giaboksi Iliyonyamaza

3 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima na masikio hayajazidi. Mama kasema nikuandikie, nisikupigie simu, maana mara ya mwisho yeye alikuuliza habari za mguu, wewe ukamjibu habari za kuku, mkaendelea hivyo hivyo mpaka salio likakata. Sisi hatujambo. Goti lake linamsumbua asubuhi, ikifika mchana anasahau. Cherehani zangu zote mbili zinakwenda na wateja wapo, ila kila mmoja anataka nguo yake jana.

Sasa kaa vizuri. Gari la marehemu baba linafufuka! Lile lile dogo jekundu la viti viwili, lililolala chini ya turubai tangu injini ipasuke. Nimempata fundi, karakana yake inatazamana na duka langu. Ametafuta injini ya silinda sita iliyotoka kwenye gari kubwa lililogongwa nyuma. Imekuja nzima na giaboksi yake, ina doa refu la rangi ya buluu mgongoni, sijui nani aliimwagia. Ni kubwa, shangazi! Tumekata chuma cha mbele ndipo ikakaa.

Giaboksi itabaki ile ile ya baba. Fundi kachonga bamba la kuunganishia, injini mpya na giaboksi ya zamani, kwa sababu ile iliyokuja ni ndefu na kuiingiza ni mpaka kukata sakafu. Anasema giaboksi ni giaboksi, mradi magurudumu yanazunguka.

Likikamilika nitaliendesha mpaka kwako. Nitaupanda ule mlima wa kona na kuuteremka upande wa pili, mama pembeni yangu, kama baba alivyokuwa anakuja. Kila nikikata kitambaa nawaza hilo tu.

Fundi anakusalimu sana.

Mwanao

*

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Kuku wangu wawili wameibwa. Aliyewaiba namjua, na yeye anajua kuwa namjua, ndiyo maana siku hizi ananisalimia kila akipita, hata akiwa amebeba ndoo kichwani. Mwambie wifi yangu akande goti kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi kwa kiburi.

Barua yako niliisoma, nikaiweka mezani, nikaenda kunawa mikono. Giaboksi ni giaboksi! Mfyuu! Mtu mzima na spana yake mkononi anatamka maneno hayo mchana kweupe, na hakuna aliyemtupia kitu?

Sikiliza. Mimi nimefungua giaboksi maisha yangu yote, baba yako akifungua injini upande wa pili wa karakana, tukigombania taa moja. Watu husifia injini kwa mbio. Mbio haziui giaboksi. Kinachoiua ni ule msokoto, pale unapoachia klachi na gari bado zito halijataka kwenda. Injini ya baba yako ilisokota kama mtu anayefungua kifuniko cha chupa. Hiyo yenu inasokota kama mtu anayekamua blanketi. Na katikati pana meno ya gia ya pili, membamba, yaliyokatwa kwa ajili ya injini ndogo. Ukiendesha kwa adabu yatavumilia mwezi, miwili. Siku utakapokanyaga kwa nguvu kwenye kupanda yatameguka, na vipande vitazunguka humo ndani vikitafuna vingine. Hapo uko mlimani, gari halina gia ya kulishika, na umembeba mama yako.

Wewe ni fundi cherehani. Utachukua zipu ya gauni uishone kwenye turubai la lori? Basi ndivyo mlivyofanya.

Giaboksi iliyozaliwa na injini ndiyo inayoijua injini yake. Sakafu hukatwa, ikachomelewa upya. Propela shafti, lile bomba la chini linalozungusha magurudumu ya nyuma, hufupishwa. Ni kazi, lakini ni kazi ya watu. Kwa hiyo nijibu: ile giaboksi iliyokuja na injini iko wapi?

Na la pili. Fundi gani huyu anayemtumia salamu shangazi wa mteja? Mimi nimetengeneza magari ya watu mpaka nimezeeka, sijawahi kumsalimia shangazi wa mtu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini nairusha hivyo hivyo.

Shangazi yako

*

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa na sare za shule, nimeshona kola mpaka naziona ndotoni. Mama anakanda goti kama ulivyoagiza na ngazi bado anapanda.

Nina habari ya kukufurahisha. Gari linatembea! Nililiendesha mtaa mzima, watu wakatoka madukani. Mwanzoni ile giaboksi ilikuwa inalia, ngurumo mpaka nikaona aibu, nikamwambia fundi kelele hizi siziwezi. Akaingia nayo karakanani siku moja tu. Sasa, shangazi, kimya. Kimya kabisa! Gia ya kwanza, ya pili, husikii kitu. Nilijua utafurahi.

Fundi ana mkono mwepesi kweli. Hata pikapu yake, ile iliyokuwa inagoma gia ya tatu, siku hizi gia zinaingia zenyewe. Jumapili alitupeleka mimi na mama kutembea, mama akasinzia njia nzima.

Naomba kitu. Uniandikie vipimo vyako: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Na mwezi wa nane usijipangie safari.

Mwanao anayekupenda

*

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu za hapa ni nzuri, tuziache hapo.

Kimya? Umesema kimya? Giaboksi ya baba yako haijawahi kunyamaza tangu itoke kiwandani. Gia yake ya kwanza meno yamekatwa wima, inalia, ndivyo ilivyoumbwa. Baba yako akija kunitembelea nilikuwa naisikia toka kona ya mwisho, naweka maji jikoni. Mtoto akinyamaza ghafla chumbani, mama mwenye akili hafurahi, anakwenda kuangalia. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nitakwambia kilichomo, na ninavyoandika natema mate. Ni unga wa mbao. Huchotwa chini ya msumeno wa seremala, ukachanganywa na oili nzito, ukamiminwa ndani. Unajaa kati ya meno, kelele inakufa. Beringi zinakosa oili, zinaungua huku dereva anaimba. Ni hila ya watu wanaouza magari mabovu. Uchafu wote niliowahi kuushika kwa mikono hii, grisi iliyooza, panya aliyefia kwenye klachi, haujanitia kinyaa kama huo. Panya hakukusudia.

Fanya hivi. Endesha mpaka ipate moto. Weka sufuria chini, fungua nati ya kumwagia oili, acha itoke yote. Ipitishe kwenye kitambaa chepesi. Kisha sugua kilichobaki kwa vidole, unuse. Oili safi haina punje.

Na bado hujanijibu. Giaboksi ya ile injini iko wapi? Hiyo pikapu ya fundi ni ya kampuni ile ile na injini yako? Maana imepona ghafla. Lala chini yake, mwanangu, utazame juu.

Vipimo sikupi. Mimi sivai magauni.

Shangazi yako

*

19 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo.

Sijafungua nati yoyote na sitalala chini ya gari la mtu kama mwizi. Ulitaka kujua fundi gani anatuma salamu. Ni mchumba wangu. Harusi ni mwezi wa nane, mama anajua, nilitaka nikwambie uso kwa uso, tena nikishuka kwenye gari la baba. Umeiharibu.

Hujamwona hata siku moja. Unamjua kwa kelele za gari ambalo hujalisikia, wewe ambaye hata simu huisikii. Labda mtu aliyemwacha mumewe bila kumwambia yeyote sababu huona kila mwanaume ana unga wa mbao.

Binti wa kaka yako

*

1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya uchumba. Nimefurahi kwamba wifi yangu atapata shughuli ya kumpandisha ngazi vizuri. Kuku waliobaki wanataga.

Vipimo vyangu viko nyuma ya karatasi hii. Mkono wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, ni kwa ajili ya kazi, usidhani nimekosea.

Mlima usiupande na mama yako ndani.

Shangazi

*

6 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na naomba uipokee.

Nilianza gauni lako wiki iliyopita. Nilipima mkono wa kulia, nikapima wa kushoto, nikaiona tofauti. Nikakaa na ule utepe mkononi. Nilikutukana, na wewe ambaye huvai magauni ukaniletea vipimo. Sikuweza kukata kitambaa. Niliweka mkasi chini nikaenda kuchukua spana.

Nililiendesha mpaka likapata moto. Nikaweka sufuria, nikafungua nati. Shangazi, haikutoka! Ilibidi nichokoe kwa kijiti. Halafu ikaanguka, pu, uji mzito wa rangi ya kinyesi, ukinuka mbao zilizoungua. Niliupitisha kwenye kitambaa cha bitana. Lilibaki rundo dogo la unga wa mbao lililojaa vimeta vya shaba, na katikati jino moja la gia, zima, limekaa pale kama jino la mtoto. Nilisugua kwa vidole kama ulivyosema. Nilitapika nyuma ya gari. Mpaka leo nikishika kitambaa cheupe nanusa vidole kwanza.

Kisha nikavuka barabara nikalala chini ya pikapu yake. Lile doa la buluu, unalikumbuka? Kwenye injini yangu linaishia nyuma, limekatika wima. Mwisho wake uko kwenye giaboksi ya pikapu. Rangi ile ile, upana ule ule. Ningekuwa na uzi ningeziunga.

Alinikuta chini pale. Hakukana. Alicheka, akanipa mkono niinuke, akanipangusa mchanga mgongoni. Akasema, "Ulilalamika kelele, nikataka ufurahi. Na hiyo nyingine, tukishaoana si vyote ni vyetu? Giaboksi ya mume na ya mke kuna tofauti gani?" Nikamuuliza, "Na mlimani je? Mama je?" Akasema, "Ningekuwepo. Ningeendesha mimi."

Namwangalia dirishani sasa hivi, anafagia mlango wa karakana yake. Anafagia vizuri. Sijui nifanye nini, shangazi. Kadi zimeshatoka. Gauni langu limebaki upindo.

Mwanao, kama bado ni mwanao

*

13 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Ulikuwa mwanangu ulipokuwa unanitukana, na utaendelea kuwa.

Barua yako ilinichefua mpaka nikashindwa kula. Siyo uji wa mbao, huo nimeuzoea. Ni kule kukupangusa mchanga. Mtu amekutilia kifo kwenye gari, halafu anakupangusa mchanga! Ptuu!

Uliniuliza kuhusu mume wangu, kwa hasira, lakini uliuliza. Na yeye alikuwa wa unga wa mbao. Lori la mteja likakosa gia kwenye mteremko. Dereva alipona, mguu wake haukupona. Watu walipokuja karakanani mume wangu alikuwa ananawa mikono. Akasema bila kugeuka kwamba giaboksi ile niliifunga mimi. Kisha akaomba taulo. Baba yako ndiye aliyekuja kunichukua, kwa hilo hilo gari dogo jekundu, sanduku langu limefungwa nyuma kwa kamba. Sikumwambia mtu kwa sababu mwenye mguu alikuwa na la kusema kuliko mimi.

Sasa, nikikwambia umwache utakuja kusema shangazi aliniachisha. Mimi ni fundi wa giaboksi, ndoa sizifungui. Nitakwambia tu ninavyompima fundi. Aliyekosea simtazami anavyoomba radhi, wote wanaomba vizuri. Natazama anakopeleka kibovu chake.

Kwa hiyo mwambie airudishe giaboksi yako na akate sakafu aifunge. Atakubali. Akimaliza, muulize neno moja: pikapu yake sasa inatembelea giaboksi gani? Basi. Jibu atakalokupa usilete kwangu kwanza, kaa nalo mwenyewe.

Gauni langu lisibane.

Shangazi yako

*

4 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, yupo nje anabishana na goti.

Alikubali, kama ulivyosema. Tena aliomba radhi vizuri mno, alilia, mama naye akalia. Akakata sakafu, akachomelea kipande kipya, akafupisha propela shafti, akaipima mara mbili. Nilimshikia taa. Shangazi, nilichoka moyo pale, maana anajua! Kila ulichoniandikia anakijua. Msokoto anaujua, meno ya gia ya pili anayajua. Aliifunga giaboksi yangu kwa usafi mpaka nikaanza kumsamehe huku nimeshika taa.

Alipomaliza, akajaza oili mpya, nikamuuliza. "Na pikapu yako, inatembelea giaboksi gani?"

Akasema, "Ile yake ya zamani."

"Iliyokuwa inagoma?"

Akacheka kile kicheko chake kizuri. "Haigomi tena. Kimya kabisa. Nimemuuzia yule mama wa viazi, kaipenda, leo asubuhi kaondoka nayo."

Unamjua mama wa viazi? Humjui. Huteremka mlima na magunia, na juu ya magunia hukaa wanawe. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Yeye si ndugu yetu."

Hakusema kwa ubaya, shangazi. Alisema kama mtu anayekutuliza. Pale pale kinyaa kikanipanda kutoka miguuni. Niliiona mikono yake, alikuwa ameshainawa.

Sikugombana naye. Nilichukua sufuria, kijiti na kitambaa cha bitana nikaenda sokoni. Mama wa viazi aliniona kichaa mpaka uji ulipoanguka. Aliuangalia, akauinamia, akanusa. Alifunga kanga kiunoni akaita wachukuzi, wakaisukuma pikapu kwa mikono mpaka mlangoni kwa fundi, soko zima nyuma, sufuria ameiweka juu ya boneti. Mpaka jua lilipozama fundi alikuwa hajafungua mlango.

Usiku ule aliniandikia ujumbe: "Unaniacha kwa sababu ya giaboksi?" Kadi nimezikusanya mwenyewe, nyumba hadi nyumba, na kila mlango niliogonga niliulizwa sababu, na kila mlango nilisema unga wa mbao. Wengine walidhani ni fumbo. Sikuwaeleza.

Usiniulize kama nalia. Nalia, na nashona. Lile gauni langu jeupe nilifumua mshono wote, nimeshonea viti vya gari. Najua kitambaa kitachafuka. Kichafuke kwa oili, hiyo inafuliwa.

Gauni lako limekwisha. Halibani, mkono wa kulia mrefu, na lina mifuko miwili ya spana. Giaboksi ya baba nimeiosha, nimeifunga nyuma kwa kamba. Utaitia meno mapya au utaiweka tu dirishani, shauri yako.

Tunatoka Jumamosi alfajiri, mama pembeni. Hii giaboksi inalia kidogo kwenye gia ya kwanza. Mafundi wawili wa hapa wameniuliza kama wainyamazishe. Nimekataa. Nimeiacha ilie, ili ukiisikia uweke maji jikoni.

Mwanao